Picha ya Ukumbusho na Sisi Tuliorudi Rumangabo



Kwenye mkutano uliopita tulikuja kuongea juu ya mbegu za maharagi na mabati. Tukaishia kugombana. Mama mmoja aliyebaki huku wakati wote wa vita aliwaambia wenzake waliotoka kambini Kanyaruchinya: "Nyiye mulikuwa munapata bashi na unga, siye tulikuwa tunalala porini." Mwingine akamjibu: "Na weye, ulishazikaka mutoto kwenye mawe ya volkano?" Watu wote wakanyamaza. Mbegu zikasahaulika.

Sisi tunaotembelea vijiji tumezoea kuandika hesabu: familia ngapi zimerudi, nyumba ngapi zimebomoka, mashamba mangapi yana ugomvi wa mpaka. Maneno ya wale mama wawili hayana nafasi kwenye fishi zetu. Ndiyo maana safari hii tunawasimulia habari za mchoraji Mkongomani, Tshibumba Kanda Matulu. Alifanya kazi mbali na kwetu, kule Katanga, lakini historia aliieleza kwa Kiswahili, kama sisi.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa kule walikuwa wanachora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, na watu wa kawaida walinunua picha hizo na kuzitundika saloni. Waliziita ukumbusho. Haikuwa pambo tu. Mgeni anaingia, anaketi, anaona askari wa koloni anamchapa mfungwa, anauliza: hii ni nini? Hapo mwenye nyumba anaanza kusimulia mambo ya baba yake na ya babu yake.

Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, picha kama 100: historia ya nchi nzima, tangu wafalme wa zamani mpaka siku zake mwenyewe. Picha hizo alizieleza kwa mdomo, na maelezo yakarekodiwa. Alijiita mwanahistoria.

Tuangalie mbili tu. Moja ni ya Desemba 1941, wakati askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Alichora alichosikia kwa wakubwa. Nyingine ni ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Mtu anaweza kusema hiyo si historia, kwa sababu siku ile msalaba haukuwepo. Ni kweli. Lakini Tshibumba hakuchora tu kilichotokea, alichora pia jinsi watu walivyokibeba moyoni. Na hilo nalo lilitokea.

Sasa turudi kwetu. Ukiandika historia ya Rumangabo kwa tarehe, utaandika mbuga ya wanyama iliyoanzishwa 1925, ambayo makao yake makuu yako hapa. Utaandika 1994 na kambi kubwa za wakimbizi za Katale na Kahindo. Utaandika 2008, 2012 na 2022, miaka ambayo kambi ya kijeshi ilipiganiwa na sisi tukashika njia ya Goma na magodoro kichwani. Yote ni sawa. Lakini tarehe hizo hazisemi kwa nini mama wawili wa kijiji kimoja hawawezi kugawana mbegu.

Wiki mbili baada ya ule ugomvi tulileta makaratasi ya maboksi na vipande vya makala. Masharti yalikuwa machache. Hakuna anayeulizwa kuchora vizuri. Hakuna kuandika jina la mtu wala kuchora uso wa mwenye silaha, kwa sababu karatasi inaweza kuokotwa na mtu mbaya. Anayesikiliza haruhusiwi kubisha, anaruhusiwa kuuliza tu.

Yule mama aliyebaki alichora mlango, bila nyumba. Ulikuwa mlango wa jirani aliyekimbia. Aliung'oa usiku, akauficha katika migomba ili usifanywe kuni. Baadaye uliibwa tu. Yule wa kambini alichora mawe meusi na kilima kidogo cha udongo. Hakueleza kitu, na hatukumlazimisha.

Hawakukumbatiana, na hatutaki kuwadanganya wafadhili wetu kwamba ugomvi uliisha. Lakini yule wa kambini aliuliza: "Mulango ilikuwa ya nani?" Tangu tumerudi, hatujapata kusikia mmoja anamuuliza mwenzake swali bila kumshtaki. Siku hiyo orodha ya mbegu ilikamilika.

Jambo la mwisho linatuhusu wote. Picha zile za Tshibumba leo ziko kwenye jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi, na zinatunzwa vizuri. Mwenyewe habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatumlaumu aliyezitunza. Tunasema tu kwamba ukumbusho unafanya kazi pale mgeni anapoweza kuketi na kuuliza, na mwenyewe yuko hapo kumjibu. Kwa hiyo michoro yetu itabaki Rumangabo. Wafadhili wanaotaka kuiona watapata nakala, aliyechora akikubali, na zaidi ya hapo wanakaribishwa waje waketi nasi.

Tunaomba sanduku la chuma lisiloingiza maji, na karatasi ngumu. Makala tunayo. Wanachama wote, waliobaki na waliokimbia, tukutane tena siku ya kugawa mbegu.