Maji ya Baridi na Miguu ya Mkimbiaji

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Wakimbiaji wa masafa marefu wameufuata mkondo mwingine: misuli ikiwawaka, hutafuta maji ya baridi. Mimi ninasoma wilayani Kapchorwa, Uganda, walikozaliwa Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, na vijana wengi huku hutamani kukimbia kama wao. Ndiyo maana naona inafaa tuijue historia ya desturi hii kabla ya kuiiga.

Desturi yenyewe ni ya kale. Maandishi ya Wagiriki yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yanasema kwamba maji ya baridi yakimwagwa kwa wingi juu ya kiungo kilichovimba hupunguza uvimbe, na kwamba ganzi kidogo huondoa maumivu. Warumi nao walikuwa na chumba cha maji baridi katika nyumba zao za kuogea. Katika karne ya 19, mkulima Vincent Priessnitz, ambaye hakusomea udaktari, alijulikana Ulaya kwa kutibu watu kwa maji ya baridi huko Gräfenberg.

Hao wote walishughulikia wagonjwa na waogaji. Zamu ya wanariadha ilikuja baadaye. Mwaka 1902, Mmarekani Theodore Hough alichunguza maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya kazi ngumu, akaona kwamba misuli yenyewe huchanika kidogo. Mwaka 1978, daktari Gabe Mirkin aliwashauri wanariadha walioumia wapumzike, waweke barafu, wafunge bandeji na kuinua kiungo. Kisha Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeshinda mita 10,000 mjini Munich mwaka 2002 kwa dakika 30 na sekunde 1, alieleza kuwa huoga maji ya barafu. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, saa 2:15:25, na wengi wakamwiga.

Ushahidi ulichelewa kuliko sifa. Mwaka 2012, wataalamu walikusanya majaribio madogo 17, wakaona kwamba maji ya baridi hupunguza maumivu ya misuli kuliko kupumzika tu. Lakini mwaka 2014 Mirkin mwenyewe alibadili ushauri wake, akisema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mwaka 2015, utafiti mwingine ulionyesha kuwa kuingia maji ya baridi kila baada ya mazoezi ya nguvu hupunguza ukuaji wa misuli.

Kwangu mimi, historia hii inaturudisha kwenye neno la Wagiriki: ganzi. Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza kasi ya neva, basi maumivu hutulia. Hilo linamfaa mkimbiaji mwenye mashindano mawili yanayofuatana. Lakini nimewaona wenzangu wakitoka mtoni na kukimbia tena kesho yake kwa goti lililovimba, eti kwa sababu haliumi. Maumivu yametulia, jeraha bado lipo. Tuoge maji ya baridi tukipenda, lakini goti likivimba tupumzike, na kocha aambiwe kabla ya mbio, si baada yake.