Alimwona kwa Taa Gani?

Rufani ya unyang'anyi wa kutumia silaha inapofika mbele ya majaji nchini Tanzania, maswali mengi huishia kwenye taa. Ilikuwa kibatari, tochi au balbu ya umeme? Iliwekwa mezani au ilining'inia ukutani? Mwanga wake ulifika mlangoni aliposimama mwenye panga? Asiyejua anaweza kuona ni kupoteza muda, maana kuna mtu alipigwa na kuporwa mali yake, na amesema aliyemtenda ni nani. Lakini kosa hilo adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na mara nyingi ushahidi wote ni macho ya shahidi mmoja aliyekuwa akihofia roho yake.

Majaji walijifunza kuyauliza haya baada ya watu kuumia. Desemba 1895, jijini London, mwanamke mmoja alimsimamisha njiani Adolf Beck, mzaliwa wa Norway, akidai ndiye tapeli aliyemwibia saa na pete. Wanawake wengine waliotapeliwa wakaitwa, nao, mmoja baada ya mwingine, wakamnyooshea kidole. Mwaka 1896 akafungwa miaka 7. Tapeli mwenyewe alikuwa mtu mwingine, aliyewahi kufungwa mwaka 1877, wakati Beck akiishi Peru. Kumbukumbu za gereza zilionyesha kwamba mfungwa yule wa 1877 alikuwa ametahiriwa, Beck hakutahiriwa. Serikali ilipata habari hiyo mwaka 1898, na bado Beck akabaki ndani hadi 1901. Mwaka 1904 akashtakiwa upya kwa utapeli wa namna ile ile, wanawake wengine wakamtambua, akatiwa hatiani tena. Kilichomwokoa ni kukamatwa kwa mhalifu halisi kabla adhabu haijatamkwa.

Wanawake wale hawakusema uongo, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Shahidi mwongo unaweza kumbana kwa maswali hadi ajichanganye. Shahidi aliyekosea huku anaamini kwa moyo wote hatetereki, na uthabiti wake ndio unaomshawishi hakimu. Uingereza wakati huo haikuwa na mahakama ambako Beck angeweza kulalamika kwamba jopo la raia walioamua kesi yake (jury) limekosea kuhusu ukweli wa mambo. Sheria ya kuianzisha ilipitishwa mwaka 1907.

Huku kwetu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwapo tangu 1902. Mwaka 1953 iliweka msimamo kuhusu shahidi mmoja wa utambuzi: anaweza kutosha kumtia mtu hatiani, ila ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Mwaka 1972, katika shauri la Okeno, ikasisitiza kwamba mahakama ya rufani ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ikafa. Tanzania ikaunda ya kwake mwaka 1979, na mwaka uliofuata likaja shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambalo hadi leo mawakili wetu hawaachi kulitaja. Liliweka maswali ambayo majaji hawana budi kuyauliza. Shahidi alimwangalia mtuhumiwa kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimfahamu kabla ya hapo? Mahakama isimtie mtu hatiani kwa utambuzi wa macho mpaka kila uwezekano wa kufananisha uwe umeondolewa. Baadaye likaongezwa swali jingine, na kwa maoni yangu ndilo linalofichua mengi zaidi: kama ulimtambua, mbona hukumtaja kwa mtu wa kwanza kufika?

Maswali haya huulizwa tena kwenye rufani, kwa hiyo mwenye ndugu aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi asingoje. Kusudio la kukata rufani Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na hati ya rufani ndani ya siku 45. Aliye gerezani anaweza kuwasilisha hati hiyo kupitia kwa mkuu wa gereza.