Zidaka za Lamu: Nyumba za Mawe na Vyombo vya Kauri

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, hutajwa zaidi kwa milango yake ya nakshi na vichochoro vyake ambamo punda ndiye mwenye njia, ilhali kazi bora kuliko zote za mafundi wake imefichwa mbali na macho ya mpita njia, katika chumba cha nyuma cha nyumba zilizojengwa karne ya 18. Humo mna ukuta wenye safu juu ya safu za vishubaka vya lipu ya chokaa, ambavyo kwa Kiamu, lahaja ya mji huo, huitwa zidaka (umoja wake ni kidaka, na katika Kiswahili sanifu wingi wake ni vidaka). Katika vishubaka hivyo waungwana, yaani familia za ukoo mkongwe zilizoshika mali na uongozi wa mji, walipanga bakuli na sahani za kauri zilizoletwa kwa bahari kutoka China na Uajemi, na baadaye kutoka Ulaya. Sahani na ukuta vilikuwa kitu kimoja, na kimoja hakisomeki vizuri kikitengwa na mwenzake. Jambo hilo ndilo lililosahauliwa pale sahani hizo zilipoanza kutafutwa kama vitu vya kale vya kununuliwa na kuuzwa.

Neno kauri lenyewe lina maana mbili. Ni simbi wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa, aliyetumika zamani kama fedha, na ni udongo mweupe wa China uliochomwa katika joto kali, la kiasi cha nyuzi 1,300, mpaka ukawa mgumu kama kioo na usiopenya maji. Waitaliano nao, bila ya kuazima kwa Waswahili, waliita vyombo hivyo kwa jina la simbi yuleyule, porcellana, kwa sababu macho ya pande zote mbili yaliona mng'ao mmoja. Mfinyanzi wa mwambao aliyechoma vyungu vyake uwanjani kwa kuni na makumbi hakuwa na njia ya kupata mng'ao huo, na chombo cha kauri kilipoingia nyumbani kwake kilikuwa ni kitu cha namna nyingine kabisa, si chungu kilichofanywa vizuri zaidi.

Biashara iliyovileta vyombo hivi vya kauri ni kongwe kuliko nyumba za Lamu zilizosimama leo. Katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo mbele ya Lamu, mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua mji uliokuwa ukipokea vyombo vya Ghuba ya Uajemi na vya China tangu karne ya 9, na katika miji ya karne ya 14 na ya 15 sehemu ya China ikaongezeka: kwanza sahani za rangi ya majani mabichi kutoka Longquan, halafu zile nyeupe zenye michoro ya buluu zilizofanywa Jingdezhen. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman, aliyeanza kazi yake mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, na ndiyo maana hadi leo mgeni huonyeshwa Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, baada ya kutembea kati ya Dar es Salaam na Kilwa na kuona vigae vya kuzoleka kwa koleo, alitoa rai kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya China. Kauli hiyo ilipendwa sana na watu wa makumbusho, lakini imepotosha kiasi. Vigae vingi mno katika kila mji uliochimbuliwa ni vya vyungu vya wenyeji, na wino wa China, kama ni wino, uliandika kile ambacho mkono wa Mswahili ulitaka kuandika.

Wala haifai kudhani kwamba kila sahani iliteremshwa kutoka jahazi la Kichina. Meli za amiri Zheng He zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15, na twiga wa Malindi alipelekwa hadi katika baraza la mfalme wa Ming mwaka 1415, lakini hizo zilikuwa safari chache za serikali. Kwa muda mrefu, tangu mwaka 1371 hadi 1567, wafanyabiashara wa China walikatazwa na wafalme wao kusafiri nje kwa biashara binafsi. Bidhaa zao nyingi zilipita mikononi mwa Wahindi, Waajemi na Waarabu, bandari baada ya bandari, zikafika kwa majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi.

Nyumba iliyovipokea vyombo hivyo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyotawala kipimo: kwa kuwa mti wa mkoko hautoi boriti nzuri inayozidi kama mita tatu, vyumba vyote vilikuwa vyembamba na virefu, vikapangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine. Mgeni aliyetoka njiani alipita kwanza daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza mbili za kukalia, akaingia tekani, chumba cha kukunja kona kilichozuia macho ya nje yasione ndani, kisha kiwanda, ambacho ni ua usioezekwa. Kutoka hapo alipanda ngazi moja hadi msana wa tini na ngazi nyingine hadi msana wa yuu, ambavyo ni vyumba virefu vilivyo wazi upande wa kiwanda, na nyuma yake kulikuwa na chumba kiitwacho ndani, kisha nyumba ya kati. Kila hatua ilikuwa juu kidogo kuliko iliyotangulia na yenye giza zaidi, na kila hatua ilihitaji haki kubwa zaidi ya kuingia. Wageni wengi wa kiume waliishia dakani au katika sabule, chumba cha wageni, wasione zaidi ya hapo.

Ukuta wa zidaka ulikuwa mwisho wa safari hiyo. Kwa kuwa mwanga wa kiwanda ulifika huko ukiwa umechoka, chokaa nyeupe na kauri iliyong'aa viliurudisha chumbani, na mwenye kusimama kiwandani aliona, kupitia nafasi za milango, safu za vivuli vidogo zinazoufanya ukuta uonekane kuwa na kina kuliko ulichonacho. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu, lakini kwa sehemu za nakshi mafundi walipenda matumbawe laini yaliyokatwa chini ya bahari, yanayochongeka kwa urahisi yakiwa bado na unyevu na kukauka yakawa magumu. Lipu nayo ilichongwa kabla haijakauka, na kila kidaka kikapewa fremu yake na upinde wake, upande wa kushoto ukilingana na wa kulia. Ukikitazama kimoja kwa karibu, utaona kwamba hakikuwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mali: kina kimo cha bakuli moja na kina cha kiganja, na juu ya sakafu yake ndogo chombo kimoja tu ndicho kinachokaa kwa raha. Kabati halijengwi hivyo.

Basi kilikuwa cha nini? Jibu la kwanza, kwamba vyombo hivi vilikuwa fahari ya tajiri, ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu mwenye kutafuta fahari tu angeviweka sabuleni ambako wageni wangeviona. Linda Donley, aliyeanza kuchapisha utafiti wake juu ya nyumba za Lamu mwaka 1982, alieleza kwamba ndani na nyumba ya kati ndimo mlimofanyika mambo mazito ya maisha: mwanamke alijifungua humo, maiti alioshwa humo, na bibi harusi alionyeshwa humo kwa wanawake wenzake. Hizo ni nyakati ambazo mwili uko wazi kwa husuda, na kitu kizuri kilichowekwa mbele ya jicho la hasidi kililipokea jicho hilo kwanza. Sahani ikipasuka bila ya kuguswa, ilisemwa kuwa imebeba ubaya uliomlenga mtu. Maelezo haya yanaafikiana na jengo lenyewe kuliko yale ya fahari, na yanaeleza pia kwa nini vyombo vya kauri viliwekwa hata mahali ambapo mtu hakai kuvistaajabia, kama vile katika sakafu ya birika, yaani hodhi ya maji ya msalani, ambamo bakuli liliwapa hifadhi samaki wadogo waliofugwa humo ili wale mabuu ya mbu.

Katika nyumba hizo mwanamke alikuwa na nafasi ambayo wageni wa nje hawakuitambua mara moja. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, au alimjengea ghorofa juu ya nyumba ya mama, au akavusha wikio, ambalo ni daraja lenye chumba linalopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ukuta wa zidaka ulikaa upande wa mwanamke katika maisha ya nyumba. Pamoja na hayo, uungwana huo ulisimama juu ya migongo ya watu wengine. Waliochimba mawe, waliochoma chokaa, waliobeba boriti na waliolala sakafu ya chini ya nyumba hizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa, na hakuna sifa ya nakshi za Lamu iliyo kamili inayoliacha hilo nje.

Tabia ya kuutia ukuta vyombo haikuwa ya Lamu peke yake. Unguja, Sayyida Salme binti wa Sultani Said, anayejulikana zaidi kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 vyumba vya jumba la kifalme ambavyo kuta zake ziligawanywa kwa mashubaka marefu yenye rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, zikiwa zimejaa bilauri na kauri za bei. Huko lengo lilikuwa kuonyesha, na vitu vilirundikwa; Lamu kila chombo kilipewa chumba chake. Kusini zaidi, Kunduchi karibu na Dar es Salaam, na kaskazini Mambrui karibu na Malindi, bakuli zilipachikwa katika makaburi ya nguzo, na hapo uhusiano wa kauri na mauti unaonekana waziwazi. Bakuli nyingi kati ya hizo zimekwisha kung'olewa. Katika chokaa kumebaki shimo la mviringo, na pengine katikati yake pete ndogo iliyoachwa na kitako cha bakuli wakati lipu ilikuwa bado mbichi, alama kamili kiasi kwamba aliye na bakuli lenyewe angeweza kulirudisha mahali pake bila ya kukosea.

Washairi waliliona pengo hilo kabla ya wanaakiolojia. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaitaja miongoni mwa dalili za kuanguka kwa mji jirani wa Pate hali ya madaka yaliyokuwa ya sahani na sasa yamekuwa malazi ya makinda ya ndege. Kwa mshairi huyo kidaka kitupu kilitosha kueleza kufa kwa mji mzima. Pate ilipodhoofika Lamu ilipanda, hasa baada ya kushinda vita vya Shela vya mnamo 1812, lakini zamu yake nayo ilifika: utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba yaliyozilisha nyumba za mawe yalikosa nguvu kazi, na familia nyingi hazikuweza tena kutengeneza madari yao. Hata kabla ya hapo zidaka zilikuwa zimeanza kupokea vyombo vya viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht huko Uholanzi, vilivyochapwa maua kwa sifongo na rangi kali na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Wapenzi wa vitu vya kale huvidharau, na si haki, kwani ndivyo vilivyoiendeleza desturi kwa vizazi vingine viwili au vitatu.

Karne ya 20 ilipoleta watalii na wafanyabiashara wa vitu vya kale, sahani, viti vya enzi na milango vilianza kuondoka. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imejaribu kuziba mwanya huo: kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale na hakitoki bila ya kibali, na mlango ulionakshiwa kabla ya mwaka 1946 umetajwa waziwazi kuwa ni kitu cha kulindwa. Sheria inaijua sahani na inaujua mlango. Isichokijua ni kwamba sahani fulani ilikaa katika kidaka fulani, kwa sababu elimu hiyo haikuandikwa popote isipokuwa katika vichwa vya wanawake waliovipangusa vyombo hivyo vumbi. Familia ambayo bado ina ukuta wake na vyombo vyake, kabla haijatengeneza, haijauza wala haijagawa urithi, ingefaa ianze kwa kuupiga picha ukuta mzima ukiwa na vyombo vyake, kisha ikae na bibi wa nyumba, iandike kila bakuli lilikuwa la nani na likikaa kidaka gani.