Hitilafu Inayojificha: Kutoka Waya wa Chini ya Bahari Hadi Waya wa Pikipiki

Pikipiki imezima katikati ya safari. Dereva anapiga kiki mara tatu, haiwaki. Anaisukuma hadi kwa fundi, fundi anapiga kiki moja tu, inawaka vizuri kabisa. Ikirudi barabarani, kilomita mbili mbele inazima tena. Kama wewe ni bodaboda, au una ndugu anayeendesha, unajua kinachofuata: leo plagi mpya, kesho koili, keshokutwa CDI, wiki ijayo betri. Hela imekwisha na pikipiki bado inazima.

Hitilafu ya namna hii, inayokuja na kuondoka, ina historia ndefu kuliko pikipiki yenyewe. Walioteseka nayo mwanzoni walikuwa wahandisi wa telegrafu, na waya wao ulikuwa chini ya bahari, mahali ambapo huwezi kwenda kuutikisa. Njia waliyoipata ndiyo itakayokuokolea hela ya spea leo.

Volti 2,000 zilizoua waya

Agosti 1858 waya wa kwanza wa telegrafu kuvuka Atlantiki ulianza kazi, kati ya Ayalandi na Newfoundland. Malkia Victoria alimtumia salamu Rais Buchanan wa Marekani. Ujumbe ulikuwa na maneno 98 tu, lakini kuupitisha kulichukua takribani saa 16. Mawimbi yalikuwa dhaifu, mara yanasomeka, mara hayasomeki.

Msimamizi wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji. Yeye aliona dawa ni kuongeza nguvu. Alitumia koili kubwa zilizosukuma takribani volti 2,000 ndani ya waya. Waya wenyewe ulikuwa tayari na kasoro kwenye kihami chake, na nguvu ile ikazidi kuuharibu. Kufikia mwanzoni mwa Septemba ukawa kimya kabisa.

Upande wa pili alikuwepo William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow. Yeye alitaka kupima kwanza. Alitengeneza galvanomita yenye kioo kidogo sana kilichobandikwa sumaku. Mkondo mdogo ukipita, kioo kinageuka kidogo na mwale wa taa unasogea ukutani. Kwa hiyo badala ya kusukuma umeme mwingi, unausoma ule mdogo uliopo.

Sasa linganisha na gereji. Kubadilisha CDI kwa kubahatisha ni njia ya Whitehouse: unatibu kabla hujajua ugonjwa uko wapi.

Hesabu ya Ohm inaingia kazini

Mwaka 1827 Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba volti, mkondo na ukinzani vimefungamana: volti ni mkondo mara ukinzani. Kwao hakupokelewa vizuri mwanzoni, ila mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Mwaka 1843 Charles Wheatstone akakieneza kifaa cha kulinganisha ukinzani ambacho Samuel Hunter Christie alikuwa amekieleza mwaka 1833. Na kuanzia 1861 wanasayansi wa Uingereza waliunda kamati ya kusanifisha kipimo cha ukinzani, ili watu wa telegrafu wazungumze lugha moja.

Kwa nini walijali hivyo? Kwa sababu ukinzani unakuambia umbali. Tuseme kila maili ya waya ina ukinzani wa omu 4. Ukipima kutoka ufukweni ukapata omu 800, basi umeme unavujia baharini kama maili 200 kutoka ulipo. Tatizo ni kwamba penye jeraha napo pana ukinzani wake, na huo unabadilikabadilika. Ndiyo maana walipima kutoka ncha zote mbili, kisha wakalinganisha majibu.

Mwaka 1865 meli ya Great Eastern ilipokuwa inalaza waya mwingine wa Atlantiki, vipimo viliendelea huku waya ukishuka majini. Galvanomita ilipoonyesha mvujo, waliuvuta waya na kuukagua. Wakakuta kipande kifupi cha chuma kimetoboa kihami. Fikiria kama wangesubiri wafike mwisho ndipo wapime! Waya ule ulikatika baadaye, lakini mwaka 1866 walifanikiwa. Mwaka 1879 waya wa bahari ukafika Zanzibar pia, ukiiunganisha na Aden kaskazini na Durban kusini.

Somo lao lilikuwa hili: pima wakati hitilafu ipo, na gawa njia vipande hadi ujue iko kipande gani.

Pikipiki yaongezewa waya

Injini ndogo za De Dion-Bouton za mwaka 1895 ziliwashwa kwa betri na koili. Betri za wakati huo zilisumbua. Mwaka 1902 Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch alileta magneto ya volti kubwa, ambayo injini yenyewe inaizungusha kuzalisha cheche. Waya zikawa chache, na mahali pa kuharibika pakapungua.

Baadaye zikaja taa, indiketa, stata, kisha CDI. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa mojawapo ya pikipiki za mwanzo kutoka na CDI. Leo hata pikipiki ndogo ya biashara ina fungu zima la waya kutoka kwenye usukani hadi chini ya siti, na kila siku linatikisika, linaloa na kupinda.

Hapo kwenye shingo ya usukani pana siri. Shaba ikipinda mara nyingi, nyuzi zake hukatika moja moja, huku plastiki ya juu ikibaki nzima. Ukigeuza usukani kulia zinagusana, ukigeuza kushoto zinaachana. Kwa macho huoni kitu.

Mita inavyoweza kukudanganya

Mwaka 1923 mhandisi wa Posta ya Uingereza, Donald Macadie, aliyechoka kubeba vyombo vingi, alitoa mita moja ya kupima ampea, volti na omu: AVO. Mita za dijitali za leo ni wajukuu wake, na zina ukinzani mkubwa sana, mara nyingi omu milioni 10.

Ngoja tuone maana yake. Tuseme nati inayofunga waya wa hasi kwenye fremu imeshika kutu, na kutu hiyo imeongeza omu 1. Ukiweka mita bila kuwasha kitu, karibu hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo inasoma volti 12 safi. Unasema umeme upo. Lakini washa taa ya wati 35, ambayo ikiwaka ina ukinzani wa kama omu 4. Sasa jumla ni omu 5, na zaidi ya volti 2 zinapotelea kwenye kutu. Taa inafifia. Ni Ohm yuleyule wa 1827.

Kwa hiyo, kabla ya kununua spea:

1. Washa taa. Weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikikaribia volti 1, safisha na kaza viungo vya njia hiyo kwanza.

2. Mita ikiwa bado imeunganishwa, geuza usukani polepole, tikisa waya fungu kwa fungu. Mahali namba inaporuka ndipo pa kufungua.

3. Kama CDI yako inakula umeme wa betri, funga taa ndogo kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, kisha endesha. Injini ikizima huku taa inawaka, tafuta mbele: CDI, koili, plagi. Taa ikizima nayo, rudi nyuma: swichi, fyuzi, betri.

Hatua ya tatu imekata njia katikati kwa taa moja tu. Mara nyingi utakachokuta ni waya wa kuunga upya au nati ya kusugua kwa msasa, na ile hela ya CDI inabaki mfukoni.