Shibe ya Ndizi na Damu ya Mtoto

Aingiaye Old Moshi na kuiona migomba iliyofunika mteremko wa Kilimanjaro hudhani kwamba nchi hii haijui njaa. Lakini twajua kwamba tumbo laweza kushiba na damu ikapungua.

Desturi ya Wachaga wa kale ilimtunza mzazi: kwa muda wa miezi mitatu hivi alikaa ndani, akapewa nyama, mafuta, maziwa na mlaso, yaani damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa au mafuta. Mtoto naye alifaidiwa kwa kunyonya. Hatari ilingoja siku ya kuachishwa ziwa, kwani ndizi hujaza tumbo, bali protini na madini ya chuma ni haba ndani yake.

Ugonjwa wa kwashakoo, ambao daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 huko Gold Coast, uliwapata watoto wa Kilimanjaro pia. Mwaka 1997 Mary Howard na Ann Millard walichapisha kitabu juu ya njaa ya watoto mlimani humu, wakaonyesha jinsi aibu ilivyoifunika: mama alilaumiwa, na umaskini wa nyumba ukasahauliwa.

Basi twaona kwamba desturi ile haistahili kubezwa. Yafaa jamaa waliomlisha mzazi wamkumbuke na mtoto aliyeachishwa ziwa, kwa nyama kidogo, maharagwe na maziwa, pasipo kumwaibisha mama yake.