Simba Mweupe Aliyetupita

Kibanda cha video cha kwanza nilichokijua kilikuwa cha mabanzi, hapa Mbalizi, nyuma ya maduka yanayotazama barabara kuu ya kwenda Zambia. Mwaka ulikuwa 1998, kiingilio shilingi 50, na jenereta lilikaa nje likipiga kelele kuliko picha yenyewe. Siku nyingi zilikuwa za Wachina na mateke, au Schwarzenegger na bunduki lake. Stelingi hauawi, adui anakufa mwisho, tunatawanyika. Jumapili moja mwenye kibanda akaweka mkanda wa katuni. Wakubwa wakaguna, wengine wakadai hela zao. Sisi wadogo tuliokaa chini kule mbele tulishangazwa na jambo jingine kabisa: hawa Wazungu wametoa wapi Kiswahili? Simba anaitwa Simba. Nyani anaitwa Rafiki. Fisi anaitwa Shenzi. Na ngiri, maskini, anaitwa Pumbaa. Kibanda kizima kiliangua kicheko, maana jamani, nani humpa mwanawe jina la Pumbaa?

Yule kijana aliyetutafsiria kwa sauti, akimwiga Lufufu wa Dar es Salaam, siku hiyo hakuwa na kazi kubwa. Waliposema "hakuna matata" alitugeukia akasema, "Hapo anasema hamna shida." Kwetu matata ni neno la watu wa pwani na Kenya, bwana.

Ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo nikajua kwamba kabla ya huyo Simba wa 1994 alikuwepo mwingine, Mjapani, na kwamba huyo naye nusura aitwe Simba. Ndiye ninayetaka vijana wenzangu mumjue. Nasikia vijiweni mkibishana kuhusu Naruto na Dragon Ball mpaka mnataka kushikana mashati, lakini huyu babu yao hatajwi.

Tarehe 6 Oktoba 1965 kituo cha Fuji Television cha Japani kilianza kurusha "Jungle Taitei", yaani Mfalme wa Msituni. Ilikuwa na vipande 52 vya nusu saa, na ndiyo katuni ya mfululizo ya kwanza ya Kijapani kutengenezwa kwa rangi. Mtunzi wake, Osamu Tezuka, alisomea udaktari lakini maisha yake yote aliyamalizia kwenye kuchora. Hadithi yenyewe alikwisha kuichora kitabuni, kidogo kidogo gazetini, kati ya 1950 na 1954. Fedha za rangi zilipatikana kwa sababu Wamarekani wa NBC walikubali kuinunua. Kwa Kijapani simba huyu mweupe anaitwa Leo. Fred Ladd, aliyesimamia toleo la Kiingereza, amesimulia kwamba walitaka kumwita Simba, ila wanasheria wakaona neno hilo ni la watu wote, haliwezi kumilikiwa. Basi wakang'oa S wakapachika K. Ndiyo maana Marekani anajulikana kama Kimba.

Hebu tulia hapo kidogo, ndugu msomaji. Mwaka 1965 neno letu liliachwa kwa sababu halina mwenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilipata usajili wa "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara kwenye nguo huko Marekani, na mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja wakatia saini kulalamika. Na hayo matata walikuwa wamekwisha kuyaimba Them Mushrooms wa Kenya tangu 1982.

Sisi tulikuwa wapi mwaka 1965? Televisheni hapakuwa. Zanzibar ilipata yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994 kina ITV walipoanza. Yaani Simba wa Disney na televisheni ya Bara vilizaliwa mwaka mmoja. Ndugu zetu wa Oman walibahatika zaidi: miaka ya 1980 watoto wa huko walitazama katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu, kama ile ya Hayao Miyazaki ya 1978, wao wakiiita Adnani na Lina. Hiyo nayo itafuteni. Sisi huku Mbeya tulikuwa na redio.

Sasa picha yenyewe. Kipande cha kwanza kinaanza na baba yake Leo, simba mweupe mkubwa, anayefungulia ng'ombe wa wanakijiji na kuwapeleka porini wakawe huru. Wanakijiji wanachoka, wanamtafuta mwindaji. Mwindaji anamnasa mama simba, kisha anamtumia kumvuta baba mpaka kwenye mtego. Baba anauawa. Mama anapakiwa melini akiwa na mimba, apelekwe kufungiwa kwa watu watazame. Leo anazaliwa humo melini, na mama anamtuma ajitose baharini arudi Afrika, peke yake. Meli inazama na mama. Usiku, mtoto akiwa amechoka kuogelea, nyota zinajipanga juu zikawa uso wa mama yake. Mimi mtu mzima nilitazama haya kwenye kisimu changu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Lakini niseme kweli: katika habari ya ng'ombe nilikuwa upande wa wanakijiji.

Akishafika msituni, Leo anaamua wanyama waishi kwa amani: walime shamba, wajenge shule, wajifunze lugha ya watu. Na hapo ndipo picha inapokuwa nzito, maana kuna swali ambalo katuni nyingi hulikwepa. Simba akikatazwa kula wenzake, atakula nini? Tezuka halikwepi. Mara wanajaribu wadudu, mara nyama ya kutengenezwa. Wengine wanakubali kwa shida, wengine wanaasi kwa njaa.

Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini swali hilo si la katuni. Bibi yangu mzaa mama, Mbena wa Njombe, hakuwa akimtaja simba kwa jina baada ya jua kuzama. Alisema "yule". Nilidhani ni uzee, kumbe ni historia. Kati ya 1932 hivi na 1947 simba walikula watu katika vijiji vya Njombe na kuteremkia upande wa Usangu. George Rushby, bwana nyama wa serikali ya kikoloni aliyepewa kazi ya kuwamaliza, aliua 15 na kukadiria kwamba watu waliokwisha kuliwa walifika 1,500. Wengine wanaona hesabu hiyo kubwa mno. Sababu inayotajwa ndiyo iliyonishtua. Ili kuzuia sotoka isivuke kwenda kusini, serikali ilikuwa imeua wanyamapori wengi katika ukanda huo. Simba wakakosa windo. Watu wenyewe walisema ni simba wa kutumwa, wa uchawi, na Rushby aliyaandika hayo pia katika kitabu chake kilichotoka London mwaka uleule wa 1965. Mwaka mmoja, simba wawili: mmoja Tokyo anawatafutia wenzake chakula kisicho damu, mwingine kitabuni anapita mlango kwa mlango Njombe kwa sababu chakula chake kilimalizwa.

Picha ina kasoro, tena kubwa. Watu weusi wamechorwa ovyo, midomo minene, kama mzaha wa Wazungu wa zamani ambao Tezuka aliunakili bila kujiuliza. Mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, chama kimoja cha Wajapani wanaopinga ubaguzi kililalamika, wachapaji wakasimamisha vitabu hivyo kwa muda, na viliporudi viliwekwa maelezo. Afrika yenyewe ni msitu mtupu. Anayeijua nyika ya Ruaha atacheka.

Halafu kuna ule ugomvi. Disney walipotoa picha yao, mwandishi wa katuni Machiko Satonaka na mamia ya wenzake walipeleka barua ya malalamiko kwamba kazi ya Tezuka haikutajwa. Disney wakasema hawakuiga. Kampuni ya Tezuka haikwenda mahakamani. Nimezitazama zote mbili. Zinafanana sura hapa na pale, lakini hadithi ni mbali: kule kuna ami anayenyang'anya kiti, huku kuna njaa. Na Tezuka mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Disney, Bambi aliitazama mara nyingi mno. Kinachoniuma mimi si nani kamwibia nani kule ng'ambo. Ni kwamba mamia walitia saini kwa ajili ya simba wa Tezuka, na simba wa bibi yangu nimemkuta katika kitabu cha bwana nyama, kwa Kiingereza.

Mwisho wa hadithi hamtaupata kwenye vipande vya 1965, kwa kuwa NBC hawakutaka Leo akue. Uko kwenye kitabu. Leo mzee yuko kwenye theluji ya mlima mkubwa na mtu aliyebaki hai peke yake, mtu huyo anakufa kwa baridi na njaa. Leo anamrukia makusudi ili auawe, nyama yake iliwe na ngozi yake ivaliwe. Mtu anashuka mlimani amejifunika simba.

Anayetaka kuanza aanze na kipande cha kwanza, asiruke. Mimi nimefika cha 31. Atakayenitangulia asinisimulie.