Kutoka Bondeni hadi Mlimani: Wazee wa Rufiji na Swali la Makazi

Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, agizo lililosikika tena na tena lilikuwa moja: hameni mabondeni. Kwa mzee wa huko aliyevuka miaka sabini, agizo hilo si geni. Alilisikia akiwa kijana.

Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika vibaya. Serikali, iliyokuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha mwaka uliotangulia, ikaanzisha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bonde katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko, kama Ikwiriri na Mkongo. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 kulifikia taifa zima.

Hoja ya ofisi ilikuwa bayana: maji huua, na watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapelekea shule na zahanati. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, bali ilikuwa na pengo. Mafuriko yaliacha tope lenye rutuba, na maji yalipopungua mkulima alipanda mazao ya mlau bila kungoja mvua. Dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, lilijengwa na watu walioijua tabia ya mto wao. Mlimani udongo ni wa kichanga na hauna neema hiyo.

Matokeo yake, nyumba ilikwenda mlimani na shamba likabaki bondeni. Wenye nguvu walitembea mwendo mrefu, au walirudi kuishi madunguni msimu mzima. Mzee asiyeweza safari hiyo alibaki kijijini akisubiri kuletewa chakula. Alikuwa na paa, lakini alikuwa amepoteza riziki, majirani wa zamani na makaburi ya wazazi wake.

Historia hii haitufundishi kuwaacha wazee majini. Inatufundisha kwamba kiwanja peke yake si makazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua wazee kuwa kundi linalohitaji ulinzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila. Vyombo tunavyo. Mtumishi wa halmashauri anayegawa viwanja na ajiulize: Je, mzee huyu atajengewa na nani? Hati itaandikwa jina lake, au la mwanawe? Jirani aliyemtekea maji miaka yote amepangiwa kiwanja kando yake? Shamba lake la bondeni bado ni lake?

Maswali hayo yasipojibiwa, mzee atarudi bondeni, nasi tutamwita mkaidi. Waliorudi madunguni baada ya 1968 hawakuwa wakaidi. Walikuwa na njaa.